Ilianza Lini?

Daftari langu la kwanza la kazi ya vijijini lilikuwa kaunta buku yenye jalada gumu, na usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi nililichorea safu sita kwa rula: jina, kitongoji, umri, dalili, dawa aliyopewa, tarehe ya kurudi. Nilidhani safu hizo zinatosha. Safu ya saba, ambayo leo ndiyo ninayoisoma kabla ya nyingine zote, niliiongeza mwaka mmoja baadaye kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa karatasi, baada ya mama mmoja kunieleza kwa upole kwamba nilikuwa nimemtibu mwanawe bila kumuuliza jambo lililostahili kuulizwa mwanzo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nilisomea Dodoma, ambako Hospitali ya Mirembe imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili kutoka kila pembe ya nchi tangu 1927, hata jina lake limegeuzwa mitaani kuwa tusi la kumtupia mtu yeyote asiyeeleweka. Baada ya miaka michache ya kufanya kazi wodini nilihamishiwa mkoani Njombe, katika halmashauri ambayo vijiji vyake vimetawanyika juu ya vilima, nikakabidhiwa zahanati kadhaa za kuzungukia, pikipiki moja ya kutumia kwa zamu na wenzangu wa chanjo, na sanduku la dawa. Wakati ule nilijiona nimekamilika. Nilikuwa nimezoea kazi ambayo mgonjwa analetwa mlangoni, anapokewa, anatulizwa, anaruhusiwa, na sikuwa nimewahi kuishi jirani na nyumba aliyotoka.

Chuoni tulifundishwa ngazi tatu za kinga kama zilivyoingizwa katika fani yetu na daktari wa magonjwa ya akili Gerald Caplan mwaka 1964, yeye akiwa ameziazima kwa wataalamu wa afya ya jamii. Ngazi ya kwanza ni kuzuia ugonjwa usitokee kabisa. Ya pili ni kuubaini mapema na kuutibu haraka ili usikomae. Ya tatu ni kumsaidia aliyekwisha kuugua asipoteze zaidi ya alichopoteza, na ikiwezekana arudishiwe kazi yake, familia yake na heshima yake. Mwalimu wetu alizichora ubaoni kama vipandio vya ngazi, cha kwanza chini, cha tatu juu, nasi tukanakili. Mchoro ule ulinifanya niamini kwamba mtu huanza na ya kwanza, akaenda ya pili, akamalizia na ya tatu. Kijijini nilizikuta kinyumenyume, nikaanzia ile ya mwisho, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya jiko.

Ilikuwa Julai, wakati ambapo sakitu huunguza majani ya viazi usiku na asubuhi bonde zima huonekana kama limemwagiwa unga. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwanamke mtu mzima anayemjua kila mkazi wa kitongoji chake, alinipeleka kwenye nyumba moja kilimani akisema kuna kijana "amefungwa". Mama wa nyumba alikuwa anapukuchua mahindi. Tulimwamkia, "Kamwene, mama," naye akaitikia huku akituangalia mikononi, kama mtu anayetaka kujua tumebeba nini kabla ya kujua tumefuata nini. Kisha akainuka, akatuongoza.

Kijana alikuwa amekaa kwenye gunia, mgongo kwenye nguzo, mguu wa kulia umezungushiwa mnyororo wa ng'ombe na kufuli la shaba. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia mama yule kuhusu haki za mgonjwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Lakini nilipoinama kukagua kifundo cha mguu, nikitarajia kidonda, nilikuta chini ya mnyororo kipande cha khanga kimekunjwa mara nne, kisafi, kimefuliwa na kukaushwa, na pembeni, juu ya mti wa paa, kipande kingine kama hicho kimeanikwa. Alikuwa akivibadilisha. Ngozi ya kijana ilikuwa imekwaruzika tu. Maneno niliyoyapanga sikuyasema, na tangu siku hiyo sijaingia katika nyumba yenye mnyororo nikiwa na hotuba mdomoni, kwa sababu nyumba nyingi nilizoziona hufunga baada ya kuishiwa kila njia nyingine, na mara nyingi aliyeshika ufunguo ndiye anayelia usiku.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilimpa sindano ya flufenazini, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, kwanza nusu dozi ya kupima, baadaye dozi kamili kila mwezi, ile ambayo watu wa huku huiita "sindano ya mwezi". Baada ya wiki sita mnyororo ulifunguliwa. Kijana alioga, akanyolewa, akaanza kuchota maji. Kwenye ripoti yangu ya robo mwaka niliandika kwamba mgonjwa amefunguliwa na anaendelea vizuri, na moyoni nilihesabu kwamba kazi ya nyumba ile imekwisha.

Haikufika hata mwaka. Masika ilipokaza, barabara ya kilimani ikawa tope tupu na pikipiki haikupita. Mwezi huohuo flufenazini ikaisha katika zahanati niliyokuwa nikiitegemea, kwa sababu niliagiza kwa makadirio badala ya kuhesabu majina yangu na dozi zao. Miezi miwili ikapita bila sindano. Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya kosa. Nusu ya pili niliijua nilipofika nikiwa nimelowa hadi magotini, nikamkuta kijana amerudishwa kibandani. Mama alinieleza kwamba siku chache baada ya mojawapo ya sindano zile za awali, shingo ya mwanawe ilijikunja upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito, na familia nzima ikaamini kwamba aliyemroga alikuwa anakuja kumalizia kazi. Hali ile ilipita, wasinieleze. Sindano zilipokoma, wao waliona afadhali. Mimi nilijua vizuri kwamba dawa hiyo inaweza kukaza misuli namna hiyo, na kwamba kuna kidonge cha kuilegeza kinachofanya kazi upesi. Nilikuwa nacho sandukuni siku ile ya kwanza. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa kwamba wakijua madhara watakataa dawa, na kwa hofu hiyo niliwanyima jambo ambalo lingewafanya waivumilie.

Ndipo mama aliposema, "Mwanangu, umekuja hapa mara nyingi na umetusaidia. Lakini hukuwahi kuniuliza hata siku moja ilianza lini."

Nikakaa chini. Alihesabu kwa misimu, kama wanavyohesabu wakulima wote, kurudi nyuma. Mwaka wa kuchoma ghala la jirani. Kabla yake, mwaka wa mvua nyingi zilizoozesha viazi, ambapo walimpeleka kwa mganga bondeni na kuuza mbuzi wanne. Kabla yake, mwaka aliokaa ndani tu, mchana amelala, usiku anatembea. Na kabla ya huo, wakati wa kupanda, kijana akiwa kidato cha pili, kulikuwa na majuma kama matatu ambayo hakulala kabisa, akisema watu wa redio wanamtaja na walimu wanajua. Alirudishwa nyumbani kwa utoro. Watu wakasema mvivu, kisha wakasema bangi, kisha wakasema amerogwa kwa sababu alikuwa na akili darasani. Miaka sita kutoka majuma yale matatu hadi mnyororo.

Niliporudi zahanati nilifungua rejista za wagonjwa wa nje za miaka hiyo, zile zilizojaa vumbi chini ya meza ya maabara, na jioni nzima nikatafuta jina lake. Nililikuta mara tatu. Mara ya kwanza maumivu ya kichwa, akapewa panado. Mara ya pili homa, akapewa dawa ya malaria. Mara ya tatu jeraha la panga mkononi, akashonwa. Mara tatu alikaa kwenye benchi letu, na mmoja wetu akamtazama usoni, akaandika, akamwita anayefuata. Sikuwepo wakati huo, lakini sikuweza kujitenga na mikono iliyoandika, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kufanya hivyohivyo na wengine. Usiku ule ndipo nilipochukua kalamu nyekundu nikaongeza safu ya saba: *ilianza lini*.

Safu hiyo ilinifundisha kusoma upya zile ngazi tatu. Niliacha kuziona kama sura tatu za kitabu. Nikaanza kuziona kama swali moja la muda: tumechelewa kiasi gani? Kwa mgonjwa aliyefungwa tumechelewa miaka sita. Kwa anayekaa kwenye benchi akisema kichwa kinawaka moto, huenda tumechelewa wiki tatu. Kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa, hatujachelewa.

Kuhusu ngazi ya pili, nilianza na wenzangu wenyewe. Wakongwe wa kazi hii walinisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kuingiza huduma za akili katika zahanati na vituo vya afya ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro, na kwamba waliofundishwa walikuwa watumishi wa kawaida. Kwa hiyo sikuwa nabuni lolote. Niliomba nusu saa baada ya kazi, mara moja kwa mwezi, na sikuwafundisha majina ya magonjwa. Niliwaomba wamuulize kila mtu anayekuja mara ya pili na maumivu yasiyoonekana chanzo chake: "Unalala vipi?" na "Una mawazo?" Katika Kiswahili chetu neno *mawazo* linabeba mzigo mkubwa kuliko *sonona*, jina la kitaalamu la ugonjwa wa huzuni, ambalo wengi hulisikia redioni tu. Mtu hatakuambia ana sonona. Atakuambia ana mawazo mengi, moyo mzito, mwili umechoka bila kufanya kazi, kichwa kimejaa. Wenzetu wa Zimbabwe wana neno lao la Kishona, *kufungisisa*, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na ni kwa neno hilo, si kwa neno la hospitali, kwamba daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 lile benchi la kina bibi, wanawake watu wazima waliofunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na kina bibi hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipousoma nilimkumbuka mhudumu wetu wa kilimani, ambaye kwa miaka yote alikuwa akifanya kazi hiyo akiwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, bila mtu kuihesabu.

Kliniki ya mama na mtoto ilikuwa mahali pengine tulipopuuza. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, kadi hujazwa, na mama aliyembeba hurudi nyumbani bila kuulizwa lolote kuhusu yeye mwenyewe. Tulikubaliana na wenzangu kwamba mama wa wiki sita aulizwe kama anapata raha yoyote kwa mtoto na kama amewahi kuwaza kutoamka. Mwanzoni waliogopa kuuliza swali la pili, wakidhani linapanda wazo. Halipandi. Mama wa pili kuulizwa alishusha pumzi ndefu, akalaza mtoto mezani, akasema, "Nesi, nilidhani ni mimi tu."

Kwa waganga wa jadi nilikwenda mwenyewe, wa bondeni kwanza, yule wa mbuzi wanne. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ni mzee, nikakaa pale aliponionyesha, na sikumwambia aache kazi yake. Nilimwomba jambo moja: akiletewa kijana ambaye hajalala wiki nzima, au anayesikia sauti za watu wasiokuwepo, au aliyeanza kuanguka, amtibu atakavyo lakini aniletee pia, siku ileile. Alifikiri kitambo, akauliza kama nami nitawarudishia wake. Nikamjibu kwamba mgonjwa si wangu wala wake. Amekwisha kuniletea wanne.

Safu nyekundu ilipofikisha kurasa nyingi, niliona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema: zaidi ya nusu ya majina yangu hayakuwa ya watu waliochanganyikiwa. Yalikuwa ya wenye kifafa. Nchini kwetu kifafa hutibiwa katika kliniki za akili, na wengi wa wagonjwa wangu walikuwa watoto na vijana wenye makovu ya moto mikononi na usoni, kwa sababu waliangukia mafiga na waliokuwa karibu waliogopa povu la mdomoni, wakiamini linaambukiza. Daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta hofu hiyohiyo, na fenobabitoni aliyowapa wagonjwa wake ndiyo dawa ya bei nafuu ninayowapa wangu leo. Lakini swali la *ilianza lini* liliponipeleka nyuma zaidi ya dawa, lilinitoa kabisa nje ya kile nilichokuwa nakiita kazi yangu. Mmoja alianza baada ya uchungu wa siku mbili ambapo mama yake alijifungulia nyumbani na mtoto hakulia. Wawili walitoka mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, wakaanza baada ya malaria ya degedege utotoni. Na kulikuwa na wengi, watu wazima kabisa, walioanza kuanguka wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini, bila homa, bila ajali, katika vitongoji ambavyo nguruwe huzurura na vyoo vina kuta bila mlango, au havipo.

Jambo hili linahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa hata watumishi hulichanganya. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vile vipunje vyeupe, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi, vipunje hujengeka katika nyama yake, na mzunguko unaendelea. Lakini mayai yaleyale yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawishwa au maji au mboga, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda hadi kwenye ubongo, vikakaa humo kama punje, na baada ya miezi au miaka mtu akaanguka kifafa. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuugua kwa sababu ya choo cha jirani. Nililieleza hilo kwenye mkutano wa kijiji, nikiwa nimesimama kati ya mtendaji na bwana mifugo, na mzee mmoja akauliza kama muuguzi wa vichaa ametumwa sasa kukagua vyoo. Nilimjibu ndiyo. Tangu hapo mimi na bwana mifugo tunatembea pamoja: yeye anahimiza nguruwe wafungiwe bandani na nyama ikaguliwe, mimi ninahesabu vyoo na milango yake. Katika kitabu cha chuo, choo chenye mlango hakikutajwa katika somo la uuguzi wa akili. Kwangu ni ngazi ya kwanza ya kinga, sawa na mama kuzalia mahali penye mkunga.

Kuna sehemu nyingine ya ngazi hii ambayo kuiandika ni kuzito. Huku kwetu viazi havilimwi bila kupuliziwa, na dawa ya kupulizia hukaa chini ya kitanda, juu ya kabati, au nyuma ya mtungi, mara nyingine ikiwa imepimwa katika chupa ya soda. Mwaka wangu wa pili aliletwa mwanamke kijana aliyekunywa. Waliomleta walisema alidhani ni maji. Wote tulijua. Walisema hivyo kwa sababu sheria yetu ya adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia ikitaja ukweli inaogopa polisi kuliko inavyoogopa kifo. Kwa hiyo mtu anayepona hupewa ruhusa na kurudi nyumbani bila mtu yeyote kumuuliza kilichompata, kana kwamba aliteleza. Yule dada alipona. Nilikaa naye siku mbili, na alichoniambia zaidi ya mara moja ni kwamba hakuwa amepanga. Waligombana, aligeuka, chupa ilikuwa pale. Dakika chache. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilipopiga marufuku katikati ya miaka ya 1990 viuatilifu vilivyokuwa vikiua zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, wala huzuni ya watu haikuwa imeondolewa. Walichonyimwa ni ile chupa ya karibu katika dakika zile chache.

Sina uwezo wa kupiga marufuku kitu. Nilizungumza na fundi seremala, kisha na wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, na baadhi ya nyumba zikatengeneza sanduku dogo la mbao lenye pete ya chuma, la kuweka dawa ya shamba, ufunguo ukikaa kwa mtu mmoja. Nilipopita kilimani kukagua, nilikuta sanduku la mama wa yule kijana limefungwa kwa kufuli la shaba. Nililitambua. Naye aliona kwamba nimelitambua, hakusema kitu, akaendelea kuchambua mbegu.

Kwa maana kijana alikuwa amefunguliwa tena, safari hii kwa namna tofauti. Niliomba radhi kwa familia nzima, baba zake wadogo wakiwepo, nikawaeleza kuhusu shingo, nikawaachia vidonge vya kulegeza misuli na kuwaonyesha namna ya kuvitumia. Tukaandika pamoja, nyuma ya kadi yake, dalili tatu za kwanza ambazo mama alizikumbuka za kila kurudia ugonjwa: kukosa usingizi siku mbili mfululizo, kuzima redio akisema inamsema, na kukataa kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Ikionekana moja, wanapiga simu, hawasubiri tarehe. Dawa ninaagiza sasa kwa kuhesabu majina, na ninaweka akiba ya miezi mitatu kabla ya masika.

Nimesikia watu wa taaluma wakiizungumzia ngazi ya tatu kama mabaki, kazi ya kufanywa pale ambapo kinga imekwisha kushindwa. Nimekuja kuiona vingine. Nchi hii ilipata kuwa na vijiji vya ukarabati kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti jijini Dar es Salaam, ambako waliotoka wodini walilima na kufuga kabla ya kurudi makwao. Na kabla ya hapo, mwaka 1954 huko Aro, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa na ndugu zao katika vijiji vilivyozunguka hospitali ili tiba isiwatenge na maisha. Waliojenga mambo hayo walijua kwamba mtu asiye na kazi wala wa kumsalimia ataugua tena hata akimeza kila kidonge. Kijana wetu anapanga viazi vya mbegu kwa ukubwa, kazi inayohitaji subira na haihitaji maneno, na analipwa kwa gunia. Siku niliyojua kwamba anapona haikuwa siku ya mnyororo kufunguliwa. Ilikuwa siku niliyosikia mtoto aliyetumwa kuleta debe akimwamkia "Shikamoo, kaka" na kupita, kama anavyomwamkia mtu mwingine yeyote.

Sijui niseme nini kuhusu wale ambao safu yao nyekundu inasomeka miaka kumi na nane, miaka ishirini na miwili. Wapo. Ninawapa sindano, ninawakata kucha, ninakaa. Mmoja hupenda nimsomee majina ya vijiji kwenye ramani ya halmashauri, nami humsomea.

Mwezi uliopita, siku ya kliniki, nilimwona yule mama wa kilimani anashuka njia ya mkato akiwa ameshika mkono wa msichana aliyevaa sketi ya shule na sweta la kiume. Alikuwa binti wa jirani, yule jirani wa ghala lililochomwa. Msichana alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Mama alimkalisha kwenye benchi, akamfunika mabega kwa khanga yake, akaja hadi mezani kwangu bila kusubiri foleni.

"Nesi," alisema, "huyu halali. Anasema redio inamtaja. Nimemwambia mama yake tusingoje."

Nilifungua daftari ukurasa mpya. Niliandika jina, kitongoji, umri: miaka kumi na sita. Nilipofika kwenye safu ya saba nilimtazama mama, naye alikuwa amekwisha kuhesabu.

"Wiki tatu," akasema, nami nikaandika.